Paji Langu Lilipokosa Damu

Ukijishika paji la uso ukakuta kivimbe, na kivimbe chenyewe kinadunda chini ya kidole, basi haki ya Mungu nakuomba, usimruhusu mtu akitie wembe. Awe mamako, awe shehe, awe nani. Nenda hospitali. Ukishafika huko rudi usome haya yaliyobaki, maana utakaa sana kwenye mabenchi na utataka cha kusoma.

Mimi ni Mishi, nakaa Junda, na nauza nyanya kwa matenga pale Kongowea. Mtu mkali mimi, wala sifichi. Sokoni usipokuwa mkali utapewa tenga lililopangwa nzuri juu na mbovu chini, na utalinyamazia. Nasema haya mapema ili usije ukashangaa huko mbele ukisikia niliwafanyia nini wauguzi wa watu.

Ilikuwa masika, soko limejaa tope. Hamali mmoja alikuja mbio na mkokoteni wa kabichi, anapiga kelele, "Pisha! Pisha!" nami nimeinama nachagua nyanya. Nilipoinua kichwa, mti wa mkokoteni ukanipata juu ya nyusi ya kulia, kuelekea kwenye panja. Nilianguka chali matopeni. Nilipoinuka sikuuliza habari, nilivua ndara nikampiga nayo yule hamali mpaka wenzake wakanishika mikono. Uvimbe ulikuja, ukawa wa buluu, ukashuka, nikasahau.

Mvua zilipokatika, mahali pale pale pakaota kitu kidogo kama punje ya kunde. Kikakua. Nikikibonyeza kinaingia ndani, nikikiachia kinapanda, na muda wote kinadunda. Nikilala upande ule nilikuwa nakisikia sikioni. Mume wangu Omari, anayeendesha tuktuk, akaniambia, "Mama Riziki, twende dispensari." Nikamwambia dispensari watanipa panadoli. Mimi nilikuwa na mtu wangu.

Mtu wangu alikuwa dada yangu Zuhura. Ndiye mkubwa, ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na kazi yake ilikuwa hijama. Anabandika vikombe mwilini, anachanja kidogo kwa wembe, halafu kikombe kinavuta damu. Kina mama wa Junda na Mishomoroni walikuwa wakija kwake na migongo yao na vichwa vyao, wakitoka wamechangamka wanamwombea dua. Kwetu sisi damu ikikwama mahali, mtu huumikwa. Hakuna aliyetufundisha hilo, tumekua nalo.

Zuhura akaweka kidole juu ya kile kivimbe, akafumba macho.

"Mishi, damu hii yadunda."

"Si ndiyo yataka kutoka?"

"Ndiyo hiyo. Imechoka kukaa."

Wallahi sote wawili tuliona sawa. Damu chafu ikikwama hupiga kelele, ndivyo tulivyojua. Kumbe haikuwa damu iliyokwama. Ulikuwa mshipa hai, mwembamba kama uzi wa kushonea, uliopasuka ubavuni siku ile ya mkokoteni. Ukajifanyia kifuko chini ya ngozi, na kila moyo ukipiga unakijaza.

Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula, chumbani kwake, nimeketi juu ya mkeka. Akasema bismillahi, akachanja. Kikombe kilijaa kabla hajaondoa mkono, kikang'oka, kikaruka. Damu ikapiga ukuta. Ikasita, ikapiga tena, ikasita, ikapiga tena. Iliniingia macho yote mawili na mdomoni, ya moto, nikawa naimeza na kuitema. Nilimsikia Zuhura akilia, "Ya Rabi! Ya Rabi!" huku amenipandia kifuani kwa goti na kunikandamiza leso kwenye paji kwa nguvu zote, na ile leso ikalowa, akachukua shuka, nayo ikalowa. Mimi nilikuwa nampiga. Nilidhani ananizuia pumzi, nikawa nampiga mbavuni kwa ngumi, naye hakuachia. Madaktari waliniambia baadaye kwamba lile goti na ile leso ndivyo vilivyonifikisha hospitali nikiwa hai. Lakini hilo la leso Omari hakulisikia. Yeye alilisikia la wembe tu.

Hospitali kubwa ya kisiwani walinifunga ule mshipa na kunishona. Nilipotoka, nilikuta Omari amekwenda kwa Zuhura, amevitoa vikombe vyote nje na kuvipondaponda kwa jiwe mbele ya majirani. Alimwambia, "Ukimgusa tena mke wangu nitakuzika." Nami nikiwa na bandeji yangu kichwani, kichwa kinaniuma, nikasema na mimi, "Asikanyage kwangu." Nilikuwa nimekasirika kweli, na nilikuwa naogopa.

Ningetaka kukwambia yaliishia hapo. Kipupwe kilipoingia, nyuzi zimeshatolewa, paji likaanza kuvimba upya, na safari hii halikudunda. Lilikuwa laini, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Jicho la kulia likafunga. Halafu yakaja maumivu. Sijui niyaseme vipi. Nimezaa watoto watatu, wa mwisho miguu mbele, na naona afadhali niwazae wote tena siku moja kuliko yale maumivu. Yalikuwa yakinipiga kutoka ndani, mfupa wenyewe. Niligonga kichwa ukutani ili niumie mahali pengine. Nilimrushia Omari sufuria ya uji wa moto kwa sababu alifunga mlango kwa kishindo. Riziki, binti yangu mdogo, akawa akiniona anakimbilia kwa jirani, na nilimchukia kwa kukimbia, Mungu anisamehe, na nikilala nalia kwa kumchukia.

Siku ngozi ilipopasuka yenyewe ukatoka usaha, nilishukuru, maana nilipata kupumua.

Kungojea hospitali ni ugonjwa mwingine. Tulikuwa tunakaa kwenye ubao mrefu, tunasogea matako tu kila mmoja akiingia. Nilikuwa nanuka. Usaha wa mfupa una harufu yake, na niliona watu wakigeuza nyuso na wengine wakihama ubao. Karibu yangu alikaa mama mmoja wa Kaloleni, taya lake limefungwa bandeji, hata kusema kwake ni kwa meno. Alivua leso yake ya juu akanifunika nayo. "Humu twanuka wote, mama," akasema. "Nilalie hapa." Nikalala begani mwa mtu nisiyemjua mpaka jina langu likaitwa. Sikumwona tena. Nikimkumbuka mpaka leo namwombea.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu wa bara, mpole, anaongea taratibu. Nilimwambia aseme Kiswahili cha watu, siyo cha vitabuni.

"Mama, unakula mkate wa boflo?"

"Nakula."

"Basi mfupa wa paji ni boflo. Ganda juu, ganda chini, katikati laini, na hapo katikati pana damu. Damu hiyo inaletwa na vijishipa vidogo sana. Vingine vinapanda kutoka juu ya jicho, vingine vinatoka hapa kwenye panja, vinapita kwenye utando uliofunika mfupa, halafu vinatoboa kuingia ndani. Kile kipigo kiliharibu vingine, wembe ukaharibu vingine, na usaha umemaliza vilivyobaki. Mfupa wako haupati chakula."

"Umekufa?"

"Sijui. Nitaufungua niutazame. Uliokufa nitaukwangua mpaka nifike penye kutoa damu. Mfupa unaotoa damu ndio mzima."

Walinitia nusukaputi, wakanikata, wakakwangua. Nilipozinduka nilimng'ata muuguzi mkono. Simkumbuki hata sura, niliambiwa tu, na nilipoambiwa nikamtafuta nikampigia magoti. Akacheka, akasema wiki ile nilikuwa wa pili.

Daktari akaja na habari yake. Ngozi iliyooza aliitoa yote. Kwa hiyo pale juu ya nyusi sikuwa na ngozi wala utando, ni mfupa mtupu, upana wa kitumbua. Ganda la juu halikutoa damu kama alivyotaka. Akatoboa vitundu kwa keekee, vingi, ili kama huko ndani kuna uhai basi utokeze.

"Sasa tunangoja," akasema. "Utapata dawa za mshipani, na kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, kisikauke hata kidogo. Kikikauka, mfupa unakufa. Tunatafuta nukta nyekundu kwenye vile vitundu. Zikitokea, maana yake mfupa unakula. Nyama itaota juu yake, nasi tutakuletea ngozi ya paja tuifunike."

"Na zisipotokea?"

Alikunja mikono. "Tutautoa mfupa wote, pamoja na ukingo wa juu wa jicho. Sitaweza kuuacha, kwa sababu nyuma yake ni ubongo, na usaha ukivuka huko siwezi kuufuata. Hata upasuaji wenyewe ni wa hatari, mama, sikufichi."

Nilimwuliza kama jicho litabaki. Akasema atajitahidi, nami nikajua maana ya daktari kusema hivyo.

Dawa za mshipani nilizipata wodini mpaka mishipa ya mikono ikakataa sindano, wakahamia miguuni. Walipomaliza wakaniruhusu, nikarudi Junda na chupa za maji ya chumvi na ule mfupa mweupe kichwani. Nilijiangalia kwenye kioo mara moja tu. Uso wangu ule ule, pua ile ile, halafu hapo juu mfupa wa maiti. Kwenye swala sikuweza kusujudu. Nilikuwa naswali nimeketi kitini, naashiria kwa kichwa, na iliniuma mahali ambapo maji ya chumvi hayafiki.

Sasa nani wa kuosha? Dispensari ni mwendo, na hata ukifika unangoja, na kidonda kinakauka. Omari alijaribu. Wallahi alijaribu, namsifu. Alifungua bandeji, akauona mfupa, akatoka nje akatapika mpaka matumbo, akarudi akajaribu tena, akanigonga na koleo kwenye mfupa wazi. Nilimpiga kofi. Naye, ambaye hajawahi kuninyanyulia mkono tangu anioe, akanyanyua mkono, akauona umenyanyuka, akatoka akaenda kukaa kwenye tuktuk yake mpaka giza.

Kesho yake Zuhura akasimama mlangoni. Sijui nani alimwambia. Alikuwa amekonda, na ndoo ya maji yaliyochemshwa ameishika.

Omari akamzibia njia. "We! Umekuja kummalizia?"

"Shemeji, nipishe."

"Toka kabla sijakuvunja."

"Nivunje, lakini nimwoshe kwanza. Kidonda kinakauka na wewe umesimama hapo wanitunishia kifua."

Nilipiga kelele kutoka kitandani wanyamaze wote wawili. Paji lilikuwa linawaka moto na sikuwa na nguvu za kuchukia watu wawili kwa mpigo. "Baba Riziki, mwache aingie," nikasema. "Akikosea, nitamuua mwenyewe."

Akaingia, akanawa mpaka viwiko. Aliponigusa mara ya kwanza mwili wangu wote uliruka, nikamkamata mkono kwa kucha nikachimba. Naye mkono hakuutoa.

"Nipige, nifinye, fanya utakalo," akasema. "Kichwa tu usikitikise."

Basi ikawa hivyo, asubuhi na jioni. Mimi namfinya, yeye ananiosha. Mikono yake ilijaa alama za kucha zangu mpaka wanawake wa pale wakamwuliza kama mumewe anampiga. Tulikuwa hatusemi. Mara nyingine nilikuwa namtukana tu, matusi ya sokoni, maumivu yakipanda, naye anaitikia, "Naam. Naam." Omari alikuwa anakaa mlangoni kwenye kigoda, amekunja mikono, anamtazama vidole. Chakula hakumkaribisha hata siku moja. Na Zuhura kazi ya hijama alikuwa ameiacha kabisa. Alikuwa hawezi tena kuona damu. Hata kuku alikuwa anaagiza achinjiwe mbali.

Kila akifungua nilimwuliza neno moja tu. "Vipi?"

"Mweupe."

Maembe yakaanza kuingia sokoni, nikasikia harufu yake kwenye nguo za wenzangu waliokuja kunitazama. Mweupe. Nikaenda kliniki, daktari akaangalia kwa lenzi. Akasema ukingo mmoja unageuka manjano, na hilo halipendi. Ananipa mpaka kliniki inayofuata. Pasipokuwa na kitu, nije na nguo za kulazwa.

Nilianza kuaga watu bila wao kujua. Nilimsuka Riziki, kwa mara ya kwanza tangu kipupwe, naye akakaa, akanipa mgongo asinione uso. Nilimwonyesha Omari nguo za watoto ziko wapi. Usiku huo hakulala kitandani, alikaa kwenye kigoda chake akilia bila sauti, mwanamume mzima, na mimi nikajifanya nimelala.

Siku mbili kabla ya kliniki, asubuhi, Zuhura alikuja kama kawaida. Omari alikuwa uani anapiga tuktuk starta. Zuhura akamwagia bandeji maji ili isinishike, akaifungua taratibu, akaondoa kitambaa cha mwisho. Nilikuwa nimeshamkamata mkono tayari.

"Vipi?"

Kitambaa kikamdondoka.

"Da Zuhura, vipi?"

Akainamisha uso karibu sana, pumzi yake ikanipiga jichoni. Halafu akapiga ukelele ambao nadhani ulifika Bamburi.

"Damu! Mishi, damu! Damu!"

Mlango uligonga ukuta. Omari aliingia na spana mkononi, na sikuwahi kumwona mtu mwenye sura ile, sokoni wala popote. Alimshika Zuhura shingoni kwa mkono mmoja, akambana ukutani, beseni likaenda chini na maji yote. "Nilikwambia! Nilikwambia nitakuzika!" Dera la Zuhura likachanika mpaka kiunoni. Macho yanamtoka, kinywa kiko wazi, na bado ananyoosha kidole kwangu, kwenye paji langu, hata mikono ya kujikinga hakuinua.

Nilimrukia Omari mgongoni, na paji langu likiwa wazi vile vile. Nilimng'ata sikio. "Mwache! Mwache, mjinga wewe! Damu ndiyo tunayoitaka! Angalia mfupa! Omari, angalia mfupa!"

Akageuka. Alikuwa hajautazama kwa karibu tangu siku ile ya koleo. Akanishika mashavu kwa mikono yake yenye grisi, akanigeuza kuelekea dirishani, na spana ikamwangukia mguuni wala hakusema aa.

"Ziko tatu," akasema. "Hapana, nne. Mama Riziki, ziko nne. Hii hapa inang'aa."

Akakaa chini kwenye yale maji. Nami nikakaa. Ngozi ya paja waliyonibandika baadaye ilishika vizuri, na leo ninasujudu, lakini mimi najua nilipona asubuhi ile. Nililia kwa sauti bila haya. Zuhura alikuwa bado ameegemea ukuta, anakohoa, vidole vya Omari vimejichora shingoni mwake vyote vitano. Omari akaziona zile alama.

Zuhura akafunga dera lake kwa fundo. Akaokota beseni, akamimina maji mapya ya chumvi, akaja akapiga magoti mbele yangu na kitambaa safi mkononi.

"Sogea kidogo, shemeji," akasema, sauti imemkauka. "Wanizibia mwanga, na mfupa unakauka."

Omari akasogea, na beseni akalishika yeye.